Akimaliza Shule Anaelekea Wapi? Vijana Wenye Ulemavu Tabora na Safari ya Kuingia Utu Uzima

Kwa miaka mingi mama mwenye mtoto mwenye ulemavu alikuwa na swali moja kubwa: je, shule itampokea? Swali hilo bado lipo. Lakini mkoani Tabora sasa linafuatwa na la pili, ambalo lina majibu machache zaidi: akimaliza shule, anaelekea wapi?

Makala haya yanaeleza kilichobadilika katika sera na sheria, mahali ambapo vijana wengi hukwama, na mambo ambayo mama au mlezi anaweza kuanza kuyafanya mtoto akiwa na miaka 12 au 13, angali darasani.

Mlango wa shule umefunguka kiasi gani?

Tabora si mkoa mgeni katika elimu ya watoto wenye ulemavu. Shule ya Msingi Furaha ya watoto wasioona na Shule ya Viziwi Tabora zote zilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi nzima ilikuwa na shule chache sana za aina hiyo. Kama vile misafara ya zamani kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilivyokutana Unyanyembe, ndivyo watoto kutoka wilaya nyingi walivyokusanyika mjini hapa kutafuta elimu ambayo kwao haikuwepo.

Tangu hapo mambo yamesogea. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake na kupata msaada anaouhitaji. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ukafuata Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Halafu Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, ikaweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari, pamoja na mkondo wa amali kwa wanafunzi watakaojifunza ufundi.

Hii ni hatua kubwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.3 mkoani Tabora, kwa hiyo watoto wanaoguswa na maneno haya si wachache. Lakini ukisoma sera hizi kwa jicho la mlezi, utaona kitu kimoja. Zinaeleza vizuri jinsi mtoto atakavyoingia darasani na jinsi atakavyofundishwa. Kuhusu siku ya kwanza baada ya kutoka darasani, zinasema kidogo sana.

Vijana watatu, vizuizi vitatu

Neno "ulemavu" hukusanya watoto wenye mahitaji tofauti kabisa. Hebu tuangalie mifano mitatu ambayo walimu na wazazi wa mkoa huu wataitambua.

*Kijana kiziwi.* Ametoka Kaliua au Sikonge, akalelewa bwenini miaka saba au zaidi. Shuleni ana lugha, marafiki na mizaha. Akirudi nyumbani hakuna anayejua lugha ya alama. Mama anajua ishara za "njoo", "kula" na "maji", basi. Kijana anaonekana mkaidi au mzito wa kuelewa, kumbe hana wa kuongea naye. Alichokosa ni watu wanaoijua lugha yake, na hilo linaweza kupunguzwa kama familia itaanza kujifunza mapema.

*Kijana asiyeona.* Anasoma na kuandika nukta nundu vizuri. Lakini mashine ya kuandikia, karatasi nzito na vitabu vyote ni vya shule. Siku anayoondoka anaviacha pale, na kusoma kwake kunabaki pale pia. Kama hakufundishwa kutembea na fimbo nyeupe kijijini kwao, ataishi akishikwa mkono na mdogo wake.

*Kijana mwenye ulemavu wa akili.* Huyu ndiye anayesahaulika zaidi. Amesoma katika kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida. Wengi wao hawafiki kwenye mtihani wa taifa, hivyo hawapati cheti, na bila cheti milango mingi inayofuata haifunguki. Wapo wanaobaki katika kitengo kile kile mwaka baada ya mwaka kwa sababu hakuna pengine pa kuwapeleka, mpaka siku mwalimu anapomwambia mama kwamba kijana sasa ni mkubwa mno. Kesho yake anakaa nyumbani, na mama naye analazimika kuacha biashara yake ili amwangalie.

Wote watatu walipata shule. Walichokosa ni daraja la kuvukia kutoka shule kwenda maisha ya mtu mzima.

Kalenda mbili zisizolingana

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Watoto wengi wenye ulemavu huanza shule wakiwa wamechelewa. Wengine walitumia miaka hospitalini, wengine walifichwa, wengine walisubiri nafasi ya bweni. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 9 au 10, hata kwa utaratibu mpya wa miaka sita, atamaliza msingi akiwa na miaka 15 au 16, na kidato cha nne akikaribia 20.

Sheria ya Mtoto ya 2009 haimsubiri. Akitimiza miaka 18, kisheria ni mtu mzima: anastahili kitambulisho cha taifa, anapiga kura, anafungua akaunti ya benki kwa jina lake, anaingia mkataba. Huduma zilizomhesabu kama mtoto nazo huanza kufungwa. Kijana anaweza kuwa kidato cha pili amevaa sare, huku hospitali, bima na ofisi za serikali zikimtaka ajieleze kama mtu mzima. Kama hakuna aliyejiandaa, vitu vingi hukatika kwa pamoja.

Wengine wamelishughulikiaje? Jirani zetu wa Kenya, katika mtaala wao wa umilisi, wameweka njia maalumu kwa wanafunzi wasiofuata madarasa ya kawaida. Mwanafunzi hupanda kwa hatua, kuanzia ya msingi, kupitia maandalizi ya ufundi, hadi ufundi wenyewe, bila kubanwa na umri au mtihani mmoja. Marekani sheria inataka mpango wa elimu wa mwanafunzi mwenye ulemavu uwe na sehemu ya kuhamia utu uzima kabla hajapita miaka 16: atafanya kazi gani, ataishi wapi, atahitaji msaada upi. Nchi hizo nazo zina matatizo yao. Tunachoweza kujifunza kwao ni kwamba maisha ya baada ya shule hupangwa mtoto akiwa bado shuleni, na mpango huo huandikwa.

Matobolwa hukaushwa wakati wa mavuno

Wazee wa Tabora husimulia kuwa jina la mji wao limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa. Kila mama wa Unyamwezi anajua kuwa matobolwa hayatengenezwi siku njaa inapoingia. Hukaushwa viazi vikiwa tele. Maandalizi ya kijana mwenye ulemavu ni hivyo hivyo.

*Akiwa na miaka 12 hadi 14*

- Hakikisha ana cheti cha kuzaliwa. Bila hicho, kitambulisho cha taifa na fomu za chuo vitasumbua baadaye.
- Mpe kazi za nyumbani kama ndugu zake: kuosha vyombo, kuchota maji, kwenda dukani na kurudisha chenji. Kumhurumia kwa kumfanyia kila kitu kunamnyima mazoezi.
- Kama ni kiziwi, omba shule iwafundishe watu wawili au watatu wa familia alama za msingi kila likizo. Kaka na dada hujifunza haraka kuliko watu wazima.
- Kabla ya mtihani wa darasa la mwisho, muulize mwalimu kama ulemavu wake umeandikwa kwenye usajili. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa. Asiyeandikwa anaweza kuikosa haki hiyo.

*Akiwa na miaka 15 hadi 17*

- Kaa na mwalimu na kijana mwenyewe mjibu maswali matatu kwa maandishi: anapenda nini, anaweza nini sasa, anahitaji msaada gani. Ukurasa mmoja unatosha. Mtunze nakala.
- Tembeleeni mahali pa kazi: fundi cherehani, karakana ya seremala, wafuga nyuki, saluni, duka la kusaga nafaka. Kijana mwenye ulemavu wa akili huelewa kazi kwa kuiona na kuirudia kuliko kwa kuelezwa.
- Ulizia vyuo mapema. Tabora kuna chuo cha VETA, na pia Chuo cha Luanzari, kimoja kati ya vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu vilivyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuambia fani zinazofundishwa mwaka huu na lini fomu zinatoka.

*Akitimiza miaka 18*

- Aandikishwe kitambulisho cha taifa. Karibu kila huduma ya mtu mzima huanzia hapo.
- Aanze kujibu mwenyewe ofisini na hospitalini. Wewe kaa pembeni, umsaidie anapokwama. Mkataba ulioridhiwa 2009 unamtambua kama mtu mwenye haki ya kuamua, hata kama anahitaji kusaidiwa ili aamue.

Afya: kutoka kliniki ya watoto kwenda ya wakubwa

Mabadiliko ya mwili hayasubiri mipango ya shule, na hapa ndipo familia nyingi hupoteza mfululizo wa matibabu. Mtoto aliyekuwa akifahamika kwa jina kliniki ya watoto anajikuta kwenye foleni ya wakubwa mbele ya daktari asiyemjua. Kabla ya kuhama, muombe daktari wake, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, Nkinga au kwingineko, akuandikie muhtasari: ana hali gani, alifanyiwa upasuaji upi, anatumia dawa zipi na kwa kipimo gani, zipi zilimdhuru.

Mambo ya kuangalia kwa makini katika umri huu:

- Kifafa. Uzito ukiongezeka, kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa. Kwa msichana, uliza hasa kuhusu dawa ya valproate, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni akipata ujauzito. Usisimamishe dawa yoyote ya kifafa ghafla. Mpeleke kwa daktari aibadilishe kwa utaratibu.
- Kichwa kikubwa na mgongo wazi. Kijana aliyewekewa mpira wa kutoa maji kichwani ajue yeye mwenyewe dalili za hatari: kichwa kuuma sana, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida. Dalili hizi zinahitaji hospitali siku hiyo hiyo.
- Kiti mwendo. Mtoto hukua, kiti hakikui. Kiti kidogo au kisicho na mto unaofaa huleta vidonda vya mgandamizo na kupinda mgongo. Kagua ngozi ya makalio na mgongo kila siku, na umsaidie kujiinua au kubadili mkao mara kwa mara.
- Ualbino. Akianza kujitegemea, kofia, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua viwe tabia yake mwenyewe, si amri ya mama. Kidonda au doa kwenye ngozi lisilopona lionwe na mtaalamu mapema. Katika kuchagua fani, fikirieni kazi za kivulini kwanza.
- Macho na masikio. Miwani ya uoni hafifu na shime sikio hupimwa upya. Kifaa cha miaka mitano iliyopita huenda hakimsaidii tena.
- Bima. Mtoto tegemezi kwenye bima ya mzazi ana ukomo wa umri. Uliza ukomo huo kabla ya kufika, usije ukaambiwa dirishani siku anaumwa.

Mwili wake na usalama wake

Wazazi wengi huogopa kuzungumza na mtoto mwenye ulemavu kuhusu balehe, wakidhani ujinga utamlinda. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Mtoto asiyejua majina ya viungo vyake, wala kwamba ana haki ya kukataa kuguswa, hawezi kueleza alichofanyiwa. Na wakosaji huwachagua wanaofikiri hawatasema au hawataaminiwa.

Anza na maneno mafupi, au alama, au picha. Sehemu hizi ni zako. Nani anaruhusiwa kukusaidia kuoga? Mtu akikugusa na kukuambia usiseme, niambie. Kwa msichana mwenye ulemavu wa akili, mfundishe kutumia na kubadili taulo ya kike kabla hedhi haijaanza, kwa kurudia hatua zile zile kila siku. Kwa mvulana, mfundishe faragha: mambo ya chumbani hubaki chumbani.

Tabora ni miongoni mwa mikoa ambayo kwa muda mrefu imeonekana kwenye takwimu za ndoa za utotoni: katika utafiti wa afya wa 2010 ilikuwa ya pili baada ya Shinyanga. Msichana mwenye ulemavu hayuko nje ya hatari hiyo. Wengine huozwa kwa haraka kwa sababu ndugu wanaona ni bahati ambayo haitarudi. Kama kuna jambo linakutia shaka, ongea na Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kazi na mtaji: sheria inasema nini, maisha yanasema nini

Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ni kifungu kizuri, ila tukipime kwa hali ya hapa. Waajiri wa ukubwa huo mkoani ni halmashauri, shule, hospitali, benki, kampuni za tumbaku na wengine wachache, na wengi wao huomba vyeti. Kwa hiyo kifungu hiki humfaa zaidi kijana aliyefika kidato cha nne, chuo au chuo kikuu. Huyo asiuache ulemavu wake nje ya fomu: mfumo wa maombi ya ajira serikalini una sehemu ya kuutaja. Kwa mkopo wa elimu ya juu, ulemavu wake uthibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Kwa asiye na cheti, njia iliyo karibu ni mkopo wa halmashauri. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya.

Hapa tuseme wazi. Kutokuwa na riba hakuufanyi mkopo kuwa sadaka, unarudishwa. Kijana ambaye hajawahi kuuza hata karanga za elfu tano hajawa tayari kwa mkopo wa mamilioni. Aanze na kidogo: kuku watano, mizinga miwili, kuuza asali au karanga kwenye chupa mlangoni, kushona sare kwa kulipwa kidogo. Akionekana anahesabu, anatunza na anarudia, ndipo kikundi na mkopo viwe na maana. Na fedha zikija kwa jina lake, biashara iwe yake. Kutumia jina la kijana kupata mtaji wa familia ni kumwibia.

Pia si kila kijana ataweza kujitegemea kwa kipato, na hilo halimpunguzii utu. Kwa mwenye ulemavu mkubwa, utu uzima unaweza kuwa kuchagua nguo zake, kuwa na rafiki, kwenda msikitini au kanisani, kuwa na kazi moja ya nyumbani inayojulikana kuwa ni yake. Nalo linahitaji mpango, hasa jibu la swali ambalo mama wengi hulilia usiku: nikifa, nani atabaki naye? Liseme kwenye kikao cha ukoo ungali na nguvu. Taja watu wawili, si mmoja, na uwaonyeshe sasa jinsi ya kumlisha, kumwogesha na kumpa dawa.

Kinachohitaji kubadilika

Walezi hawawezi kujenga daraja hili peke yao. Mkakati wa elimu jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 umefikia mwisho wa muda wake, kwa hiyo huu ndio wakati wa wazazi kusema. Mambo matatu hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanafunzi mwenye ulemavu awe na mpango ulioandikwa wa baada ya shule, kuanzia miaka miwili kabla ya kumaliza. Pili, kijana anayetoka kitengo cha elimu maalumu apewe hati inayotaja anachoweza kufanya, ili fundi au chuo kijue pa kuanzia. Tatu, mkondo wa amali utakapopanuka, karakana zake zijengwe na kufundishwa kwa namna ambayo kiziwi, asiyeona na anayetumia kiti mwendo wanaweza kuingia tangu siku ya kwanza.

Peleka hoja hizi kwenye kikao cha wazazi, kwa Ofisa Elimu Maalumu wa halmashauri na kwa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji au mtaa wako. Vyama kama CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona, CHAWATA cha wenye ulemavu wa viungo, TAS cha wenye ualbino, na shirikisho lao SHIVYAWATA, vina watu wazima waliopita njia hii. Mtafute mmoja wao akutane na mwanao. Kijana ambaye hajawahi kumwona mtu mzima mwenye ulemavu kama wake akifanya kazi, akilea familia au akiongoza kikao, ataamini vipi kwamba naye anaweza?

Na wiki hii, kabla ya hayo yote, anza na moja: chukua karatasi, keti na mwanao, muulize angependa kufanya nini akiwa mkubwa. Andika jibu lake kama alivyolisema.